Dhambi ya Inchi Mbili

Ndugu zangu mnaosimama juu ya ubao na kupiga kafi, leo sikuja kuwabembeleza. Nimekaa pwani hii miaka ya kutosha kuona watu wazima, wenye akili zao, wenye watoto shuleni na mkopo wa benki, wakitoa fedha nyingi kununua ubao utakaowamwaga kabla hawajamaliza kilomita ya kwanza. Ukimuuliza mtu wa namna hiyo kwa nini amechukua ubao mwembamba vile, jibu lake ni lile lile: ndio anaotumia bingwa. Bingwa! Bingwa ana kilo sabini, amelelewa majini kama samaki, na kazi yake toka Jumatatu hadi Jumamosi ni kupiga kafi. Wewe una kilo 92, goti lako liliumia kwenye mpira wa mtaa mwaka juzi, na unaingia baharini Jumapili baada ya ibada, tena ukiwa umeshiba.

Naiita dhambi ya inchi mbili. Mtu amepanda ubao wa futi 14 wenye upana wa inchi 26, amesimama juu yake vizuri, ametabasamu hadi gego likaonekana. Moyo wake umeshamwambia: huu. Kisha anageuka, anauona wa inchi 24, umechongoka kama sulisuli, umeegemezwa ukutani unang'aa. Sauti inamnong'oneza kwamba ule mpana ni wa wazee na watalii. Anaacha wake, anabeba ule. Inchi mbili tu, anasema. Inchi mbili ni upana wa vidole vitatu. Kati ya vidole hivyo vitatu nimeona raha yote ya bahari ikipotea.

Nazungumza kama mtu aliyetubu. Mimi nami niliununua wa kwangu, inchi 23, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hataki kubeba mizigo. Ulikuwa ubao wa maji tulivu: omo, yaani pua yake, limesimama wima kama kisu cha kukatia mnazi, tumbo limenyooka, tezi, yaani mkia, ya mraba. Ndani ya kriki ya Kilifi, alfajiri, maji yakiwa kama kioo, ulikwenda kwa namna ambayo sijui niieleze vipi. Nilijiona nimefika. Basi Julai, upepo wa Kusi umekomaa, nikaupeleka nje ya mwamba. Nilitokea Vipingo, nikielekea kaskazini, upepo mgongoni, na rafiki akinifuata kwa mbali na boti ya faiba yenye injini ndogo.

Nilianguka. Nilipanda, nikapiga kafi mara nne, nikaanguka. Wimbi lilikuja nyuma, tezi ikainuka, na lile omo kama kisu likafanya kazi ya kisu: likachoma mgongo wa wimbi la mbele na kuendelea kwenda chini, nami nikaendelea kwenda mbele peke yangu. Nilihesabu maanguko hadi thelathini na moja, nikaacha kuhesabu. Wakati fulani nikiwa nimeukumbatia ubao nikitapika maji ya chumvi, ngalawa ilinipita, tanga limejaa, mzee mmoja amekaa tezini na usukani mkononi, hata kofia yake haijalowa. Akanitazama kwa huruma kabisa, bila kejeli. "Mwanangu," akasema, "wasafiri au waoga?"

Sikuwa na jibu. Ngalawa ikatokomea.

Nataka tulikalie swali hilo la mzee, maana ndani yake mna elimu yote ya kuchagua ubao wa kwenda na upepo. Yeye chombo chake kina matengo huku na huku, ile miti ya pembeni inayokizuia kisipinduke. Aliyebuni matengo hakuwa mwoga wala mzee. Wenye elimu ya vyombo wanauhusisha ukoo wa ngalawa na mabaharia wa Kiaustronesia, wale wale ambao ndugu zao walifika Madagaska upande huu na Hawaii upande ule, wakivuka bahari ambazo wewe na mimi tunaziona kwenye ramani tu. Watu waliovuka nusu ya dunia kwa mitumbwi walianza kwa kuhakikisha chombo hakipinduki. Mwendo ulifuata. Sisi tumeugeuza mpango huo kichwa chini miguu juu, halafu tunashangaa kwamba tunaoga.

Sasa sikilizeni jinsi bahari inavyofanya kazi, maana mhubiri asiyejua maji anapiga kelele tu. Kusi ikivuma saa kadhaa juu ya maji ya kina, haizai wimbi moja, inazaa ukoo mzima. Kuna mawimbi yanayopishana kila sekunde 3. Hao ni watoto: toka kilele hadi kilele ni kama mita 14, na mwendo wao ni kama kilomita 17 kwa saa. Kuna ya sekunde 4, mita 25, kilomita 22 kwa saa. Kuna baba zao wa sekunde 5, mita 39 hivi, wanaokwenda kilomita 28 kwa saa. Na wewe, juu ya ubao wa futi 14 kwenye maji matulivu, ukitoa nguvu zako zote na za mababu zako, unakwenda kilomita 9, labda 10. Huwezi kumfukuza baba. Unamdandia mtoto, mtoto akishakuongeza mwendo anakukabidhi kwa kaka yake, na kaka, siku Mungu akipenda, anakufikisha kwa baba. Hapo kafi linainuliwa kutoka majini, upepo unanyamaza masikioni kwa sababu unakwenda nao, na ubao unaimba chini ya nyayo. Aliyewahi kuusikia wimbo huo hahitaji mahubiri yangu.

Lakini furaha hiyo haidumu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Katika maji ya kina, kundi la mawimbi linakwenda nusu ya mwendo wa wimbi moja moja. Maana yake ni hii: kila wimbi unalolipanda linakimbia hadi mbele ya kundi lake, linapungua, linafia chini ya miguu yako, na jipya linazaliwa nyuma yako. Kwa hiyo safari yote ni kuanza upya. Unaanza upya mara mia, mara mia mbili, na kila mara unatakiwa kupiga kafi nne, tano, sita kwa nguvu kamili wakati ubao uko katika mwendo wake mdogo kabisa na maji yanauyumbisha huku na huku. Nguvu ya kafi hutoka kwenye nyayo, inapita mapajani, kiunoni, mgongoni, ndipo inafika mkononi. Mtu anayetetemeka hapigi kafi, analiegemea kama mlevi anavyoegemea ukuta. Yule mwenye ubao wa inchi 24 usio wake anatumia kafi mbili kati ya tatu kujizuia asianguke. Mwenye inchi 26 anazitumia zote tatu kwenda. Nani sasa ana ubao wa mbio?

Twendeni Hawaii kidogo, maana huko ndiko mchezo huu ulikolelewa. Kwenye kisiwa cha Maui, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Laird Hamilton na Dave Kalama walikuwa miongoni mwa waliorudisha desturi ya kusimama na kafi. Upande wa kaskazini wa kisiwa hicho kuna korongo liitwalo Maliko. Wapiga kafi wanaingilia hapo, wanatoka nje kwenye upepo unaotoka mashariki, na kuteremka nao kama kilomita 15 hadi bandari ya Kahului. Siku za upepo watu wanairudia njia hiyo asubuhi na jioni kama wachuuzi wa maandazi. Mbao zilichongwa kwa ajili ya njia hiyo moja. Kampuni ya Naish iliupa ubao wake jina la Maliko. Mark Raaphorst wa kampuni ya SIC, fundi wa Maui, alichonga Bullet, ubao ambao kwa miaka mingi ulikuwa ndio mfano wa kitu chenyewe: omo limeinuka, tezi imeinuka, mbavu za mviringo, upana wa kumtuliza mtu. Siwatangazii bidhaa. Nawaonyesha kwamba waliokuwa na wimbi hilo mlangoni pa nyumba zao, walipokaa kuchonga, hawakuchonga kisu.

Halafu kuna Kaʻiwi, mlango wa bahari kati ya Molokaʻi na Oʻahu. Jina lenyewe maana yake ni mfupa. Tangu 1997 yamekuwapo mashindano ya kuuvuka kwa ubao, kwa kawaida mwezi Julai, kilomita 51 za bahari ya wazi yenye kina cha mamia ya mita. Walianza wale wanaolala kifudifudi na kupiga maji kwa mikono, wenye kafi wakaja baadaye. Wepesi kabisa wa kafi huchukua zaidi ya saa nne. Watu kama mimi huchukua sita, saba. Na mwishoni, baada ya saa zote hizo za upepo mgongoni, unafika chini ya miamba ya Portlock, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi, maji yanachemka kutoka pande zote, na upepo unakugeukia. Hapo, ndugu yangu, hapo ndipo ubao unapopimwa. Usiupime kwa dakika kumi za dukani ukiwa umepumzika. Jiulize utakuwaje juu yake katika saa ya tatu, mapaja yakiwa yamekuwa ugali, chumvi machoni, maji ya kunywa yamebaki funda mbili. Ubao wa kununua ni ule utakaosimama juu yake saa hiyo.

Nitataja vipimo sasa, na ninaomba msiviandike ukutani kama amri.

Urefu usikutoe jasho. Daraja la kawaida la mashindano ni futi 14, yaani mita 4.27, na ni urefu mzuri: unatosha kukimbia, haujazidi kiasi cha kuwa daraja kati ya mawimbi mawili ya watoto. Mwenye mwili mdogo, kilo hamsini na kitu, anaweza kuwa na furaha kubwa juu ya futi 12 na nusu, daraja la zamani ambalo mbao zake bado zinauzwa kwa bei ya huruma. Zipo pia zile ndefu zisizo na ukomo, futi 17 na zaidi, zenye usukani unaouzungusha kwa mguu. Huo usukani ni neema hasa pale njia yako inapokata upepo kwa pembe, kama Kaʻiwi. Ila nakuuliza, utaubeba na nini? Mimi wa futi 14 tu umenigombanisha na makanga wote wa njia ya Malindi. Mmoja alinitoza nauli ya watu watatu, nikalipa, kwa sababu kwa haki kabisa ulikuwa umelalia vichwa vya watu watatu.

Upana nimeshausema na nitausema tena. Kwa mtu wa kilo 70 hadi 80 aliyezoea, inchi 25 au 26. Kwa kilo 90 na kuendelea, au kwa anayeanza kutoka nje ya mwamba, 27 au 28, bila haya. Kuna jambo lililonichekesha siku nilipolipigia hesabu. Safina ya Nuhu ilikuwa na urefu wa mikono 300 na upana wa mikono 50: sita kwa moja. Futi 14 ni inchi 168. Gawanya kwa sita, unapata 28. Sisemi Nuhu alikusudia ubao wako. Nasema chombo kilichokusudiwa kumaliza safari hakikuona aibu kuwa kipana.

Na tazama upana uko wapi. Mbao mbili zinaweza kuandikwa inchi 26 zote, mmoja ukatulia kama kitanda na mwingine ukakutupa kama punda wa Lamu asiyetaka mzigo. Wa kwanza upana wake unaendelea hadi nyuma, pale miguu yako inaporudi wimbi likikushika. Wa pili umepanuka katikati tu, kisha ukabanwa ghafla tezini. Huo mkia mwembamba una kazi yake, unageuka upesi kwenye uso wa wimbi, na fundi wa kweli ataupenda. Wewe ambaye unarudi nyuma hatua mbili kwa hofu, chukua wa wastani.

Omo ndilo lililoniadhibu, kwa hiyo nalipenda kulihubiri. Laza ubao sakafuni palipo sawa, chuchumaa, tazama kwa ubavu kama seremala anavyotazama boriti. Omo linapaswa kuanza kuinuka mapema, kwa mpindo mrefu wa taratibu, kama ganda la embe lililowekwa juani. Mpindo huo ndio unaolingana na bonde la wimbi, ili ubao uteremke bila kuchimba. Utapoteza mwendo kidogo kwenye maji tulivu, kweli, kwa sababu mpindo unasukuma maji. Toa sadaka hiyo kwa moyo mweupe. Juu ya omo, sitaha iwe na mgongo wa kumwaga maji kushoto na kulia, maana litazama mara moja moja hata likiwa zuri, na omo lililojaa maji ni jiwe.

Halafu pale pa kusimama. Mbao nyingine ni bapa, nyingine zimechimbwa kama mtumbwi na unasimama chini ya kingo. Ule wa shimo unakushusha karibu na maji, na kila inchi unayoshuka ni inchi ya utulivu. Lakini shimo linakusanya maji, kwa hiyo tazama matundu yake ya kutolea: ni makubwa, au ni kama ya chujio la chai? Mwaga ndoo mbili humo dukani, mbele ya muuzaji, uhesabu. Muuzaji akinuna, umeshamjua. Na ukisimama ndani, jaribu kurudi nyuma hatua moja, hatua ya pili, kisha urudi mbele bila kutazama chini. Kwenda na upepo ni kutembea, mbele unapolifukuza wimbi, nyuma linapokushika. Ukijikwaa kwenye kingo sakafuni, baharini utauvunja muundi.

Ujazo, yaani lita, wengi wanauabudu bila sababu. Mbao nyingi za futi 14 ziko kati ya lita 220 na 330. Ukiwa mzito, chukua juu. Ukiwa mwepesi, kumbuka kwamba lita nyingi mno zinakuweka juu ya maji kama kunguru juu ya paa, na upepo wa ubavuni utakusukuma. Imetosha.

Pezi liwe na eneo la kutosha, mzizi wake mpana, na liwe limelala kwa nyuma ili mwani uteleze. Na hapa kwetu ongeza neno: maji ya bamvua yanapopwa, ndani ya mwamba kunabaki kina cha goti. Pezi refu litakutana na matumbawe, wewe utakutana na omo la ubao wako mwenyewe kwa meno. Soma saa za maji kama unavyosoma saa za swala.

Wengi wetu hatutanunua mpya. Tutanunua mikononi mwa mtu, kwa hiyo nawafundisha kuchunguza. Pima uzito kwanza. Ubao wa kaboni wa futi 14 una kama kilo 10 hadi 13. Ukiubeba ukahisi umebeba gunia, umekunywa maji. Ndani yake mna povu jeupe jepesi, ndugu yake lile la maboksi ya samaki, na juu ni ngozi ya faiba au kaboni. Pitisha kidole gumba sitahani kote, ukibonyeza polepole, hasa pale miguu inaposimama. Mahali pakibonyea na kurudi kama shavu la mtoto, ngozi imeachana na povu. Gonga kwa kifundo cha kidole, sikiliza kama unavyosikiliza dafu: mlio mkavu ni uzima, mlio wa kitu kilichoziba ni ugonjwa. Lala chini utazame pembeni ya kisanduku cha pezi, pale ufa mwembamba kama unywele unapojificha. Geuza ubao wima, tezi chini, ngoja dakika tano ukipiga soga na muuzaji juu ya watoto wake. Tone la kahawia likitoka kwenye ufa, mshukuru kwa chai na uondoke.

Na ukiupasua siku moja, nakusihi, usiupeleke kwa fundi wa boti bila kuuliza anatumia resini gani. Ile ya poliesta inayotengenezea boti zetu inalila povu hilo. Utamwona fundi anapaka kwa ustadi, na chini ya mkono wake ubao unayeyuka kuwa shimo. Lazima iwe epoksi. Nimeona mtu mzima akilia kwa ajili ya kijiko kimoja cha resini.

Mnaniuliza juu ya mbao za kujaza upepo. Za kujifunzia, za kwenda nazo safarini ndani ya basi, sawa. Nje ya mwamba, wimbi likishika mbele na jingine nyuma, zinajikunja katikati kama mkeka. Mnaniuliza juu ya zile zenye bawa chini yake zinazoruka juu ya maji. Nazistaajabia. Mwaka 2019 Kai Lenny aliivuka Kaʻiwi kwa bawa kwa muda usiofika saa tatu. Siku nitakapokuwa na umri wake nitazihubiri.

Nimeacha kamba mwisho, ile inayokufunga na ubao wako, na hapa nashusha sauti. Siku ya upepo wa kilomita 35 kwa saa, ukianguka bila kamba, ubao unaondoka. Hauondoki taratibu ukikungoja. Unabiringika, upepo unaukamata tumboni, na hakuna mwogeleaji pwani hii anayeufikia. Ubao wako ndiyo boti yako ya kuokolea. Jifunge, kila mara, nje ya mwamba, hata ukiwa bingwa. Kamba ya kiunoni yenye ndoano ya kufyatua upesi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu pale mlango wa kriki, mkondo wa maji kupwa ukikusukuma kwenye kamba za maboti yaliyotia nanga, unatakiwa uweze kuifungua kwa mkono mmoja. Vaa jaketi la kujiokoa. Simu ndani ya mfuko usioingiza maji, mwilini, wala si ubaoni. Mtu nchi kavu ajue umetoka wapi na unatarajiwa wapi saa ngapi.

Mwezi Machi 1978, mtumbwi mkubwa Hōkūleʻa ulipinduka usiku kusini mwa Molokaʻi. Eddie Aikau, mwokoaji aliyewatoa watu wengi kwenye mawimbi ya Waimea, alichukua ubao akaenda peke yake kutafuta msaada kuelekea Lānaʻi. Wenzake waliokolewa. Yeye hakuonekana tena. Mtu aliyeijua bahari ile kuliko sisi tunavyoijua sebule yetu. Simtaji kuwatisha. Namtaja kwa sababu kila ninapofunga kamba namkumbuka, na mkono wangu unavuta fundo mara ya pili.

Mtataka kujua ule ubao wangu wa inchi 23 uliishia wapi. Nilikaa nao miezi minane nikiuchukia, nikiulaumu, nikiuegemeza ukutani uso wake ukitazama matofali. Kisha binti mmoja wa jirani, kilo 52, mwanafunzi wa chuo, akauomba asubuhi moja. Nikampa, nikakaa kwenye jiwe kumngoja aanguke nimcheke kidogo. Alisimama juu yake kama amesimama jikoni. Alikwenda hadi darajani na kurudi, hakulowa nywele. Nilimuuzia kwa bei ambayo mke wangu hadi leo hajaambiwa.

Mimi sasa nina wa inchi 27 na nusu. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva mno, omo limeinuka kama kiatu cha sultani, na kwenye ubavu una kovu la epoksi nililolipaka mwenyewe. Jumamosi, Kusi ikishika, tunaingilia Takaungu, watano hadi sasa, na boti ya kutufuata imeshalipiwa mafuta. Maji yatajaa saa saba na nusu mchana. Njoo na kamba yako. Ubao kama huna, nina mwingine wa inchi 28 wa kukuazima, na sitaki kusikia kwamba ni mpana.